Mjadala: Rosa Mistika iondolewe kwa wanafunzi?

Wadau, dada mmoja wa Arusha ameleta hoja kwamba riwaya zetu za zamani zinamdhalilisha mwanamke, akatolea mfano Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, na anataka wanafunzi wasipewe tena. Dada, nakuheshimu, ila kwa hili nakupinga.

Kitabu hiki kilitoka 1971 na kikapigwa marufuku shuleni kwa muda, maana kilisema waziwazi mambo ambayo wakubwa waliona aibu kuyasema. Leo tunataka kukifungia tena, safari hii kwa kumtetea mwanamke. Kwa msichana ni yaleyale, kanyimwa kitabu.

Hebu turudi kwenye riwaya yenyewe, kwenye ile barua ambayo kijana Charles anamwandikia Rosa, msichana anayebeba hadithi. Barua ya mvulana tu, lakini Zakaria, baba mlevi, anamshushia binti yake kipigo kisichosahaulika. Kuanzia hapo Rosa anawaogopa wanaume kama moto. Hajafundishwa kujilinda, kafundishwa woga, na woga ukiisha hana kingine cha kushika. Chuoni Morogoro wenye vyeo wanamfaidi. Baadaye Charles yuleyule, sasa mchumba wake, anamkataa kwa kuwa si bikira, naye Rosa anajiua. Na Charles je, yeye alikuwaje? Hakuna anayemuuliza.

Sasa fungua madesa, vile vijitabu vya majibu ya kukariri, yanayouzwa kwenye stationari. “Mwanamke kama chombo cha starehe”, mfano Rosa. “Mwanamke kama mvumilivu”, mfano Regina, mama yake. Mwanafunzi anakariri, anapata maksi zake, na Zakaria hajaguswa. Mwandishi alituonyesha mkono uliopiga, sisi tukaenda kumkagua aliyepigwa! Udhalilishaji ninaouona mimi uko hapo, kwenye ufundishaji.

Kezilahabi naye simsafishi kabisa. Wanawake wake wanaumia kuliko wanavyoamua, na hilo linaniuma kila nikimsoma. Wanaosema “ndiyo zilikuwa enzi zake” siwaelewi. Kabla yake Shaaban Robert alishaandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, muuza vyungu wa Fumba, Zanzibar, aliyefika hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo. Baadaye, 1982, Penina Muhando akatoa tamthiliya ya Nguzo Mama: wanawake wanahangaika kuisimamisha nguzo, wanabishana, wanagombana, nguzo inawashinda. Wameshindwa, sawa, lakini kila mmoja tumemsikia anataka nini. Visomwe pamoja basi, Rosa akae meza moja na hao.

Huku kwetu Moshi kihamba, shamba la ukoo, kimezoeleka kwenda kwa watoto wa kiume, wakati mama ndiye anayeshusha ndizi sokoni Kiboriloni alfajiri. Binti wa kidato cha tatu hahitaji kuelezwa Zakaria ni nani. Wengine wanaishi na baba wa namna hiyo nyumba moja, na hawana pa kulisemea. Darasani angalau wangelisema kwa jina la mtu wa kitabuni, bila kumvua nguo baba yao mbele za watu.

Walimu wa Kiswahili, swali la mtihani likiwa “jadili nafasi ya Zakaria katika kifo cha Rosa”, mtapungukiwa nini? Na wewe dada, ukishakiondoa hiki, binti huyo utampa kitabu gani kinachomshika baba wa namna hiyo bila kumfichia?