Tupeane uzoefu: Ndugu yako alikamatwa, ulijuaje yuko kituo gani, gereza gani na kesi yake iko mahakama ipi?

Mwanamikindani (mwanzisha uzi)

Wakuu wa Kusini, habari za jioni. Msimu wa korosho umefunguliwa, na msimu ukifunguliwa simu nazo zinaanza: kijana kakamatwa ghalani, shemeji hajarudi tangu juzi, wanasema yuko polisi. Familia inapanda gari Nanyamba au Kitangari na vihela vyake, haijui ianzie wapi, na mtu wa kwanza kuipokea nje ya geti la kituo ni kishoka anayejigamba kwamba anamjua mkubwa wa ndani. Inaniuma sana hii. Anachowauzia kimeshaandikwa kwenye kitabu cha mahabusu pale kituoni, na kukiuliza ni bure.

Naanza na yangu. Mdogo wangu ni bodaboda, alichukuliwa usiku pale Chikongola. Asubuhi kituo cha kwanza nilijibiwa mtu huyo hayupo. Pembeni alikuwepo mama mmoja anamsubiri mwanawe, akanivuta akanifundisha namna ya kuuliza: "Baba, usiseme namtafuta Saidi. Sema naomba mniangalizie kitabu cha mahabusu, tangu jana usiku mpaka sasa hivi, Saidi mtoto wa fulani, babu yake fulani, na kavaa hivi." Nilikwenda kituo cha pili, nikauliza kwa maneno yale yale. Askari wa kaunta alifungua kitabu, akashusha kidole, akamkuta. Alikuwa ameandikwa kwa jina la kijiweni.

Pale pale niliomba vitu viwili, jina la mpelelezi na namba ya jalada. Wengi tunarudi nyumbani na namba ya RB tukidhani yatosha. RB hutolewa mtu anapokwenda kuripoti. Jalada likishafunguliwa linapewa namba ya IR, na hiyo ndiyo itakayokuongoza jalada likihama kwenda kituo kikubwa, kwa waendesha mashtaka au mahakamani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au apewe dhamana ya polisi, ukitoa makosa makubwa kama yale ya adhabu ya kifo. Na dhamana hainunuliwi, hata ukutani kwenye vituo imebandikwa.

Wengine mlipitaje? Hata kama lilitokea Dar, semeni, maana vijana wetu wengi wako Mbagala na Kariakoo.

BintiMwera_Lindi

Ahsante kaka kwa uzi. Langu lilikuwa Dar. Mtoto wa mjomba anauza nguo Kariakoo, simu ikawa haipatikani, wenzake wakasema alichukuliwa kwenye msako. Sisi tuko Mitwero huku. Mjomba kwetu mnajua uzito wake, mtoto wake akipotea ni msiba wa nyumba nzima, kwa hiyo nilipanda basi usiku ule ule.

Nilianza Msimbazi kwa sababu ndicho kituo cha karibu na alipokamatiwa, wakanielekeza Sentro, yaani Kituo Kikuu cha Polisi. Hilo ndugu zangu lishikeni: Dar ina mikoa ya kipolisi ya Ilala, Temeke na Kinondoni, anza na eneo alilokamatwa, siyo mtaa anaolala. Yeye alikuwa anaishi Mbagala, na shangazi alishaanza kuzunguka vituo vya Temeke bila faida yoyote.

Kitabuni alikuwepo, ila alikuwa ameshatolewa kwenda mahakamani. Askari akanisomea mahakama gani na tarehe. Nikaenda masjala, karani akaitafuta hati ya mashtaka, kesi imetajwa, dhamana iko wazi ila hakuwa na mdhamini, kwa hiyo amepelekwa rumande. Nikauliza gereza gani, maana Dar mahabusu anaweza kuwa Keko au anaweza kuwa Segerea. Karani akaliona hilo kwenye kumbukumbu za kesi. Wanawake ukiwatafuta, anza na Segerea.

Kilichotuchelewesha ni majina. Nyumbani tunamwita jina la kimila, shuleni jina lingine, kitambulisho cha NIDA kina la tatu. Tangu siku ile kwenye simu ya kila mtu wa familia yetu kuna picha ya NIDA ya mwenzake. Fanyeni hivyo leo, msisubiri.

Mzee wa Masjala

Wanangu, nimefanya kazi ya ukarani wa mahakama Lindi mpaka nikastaafu, acheni niongeze ya upande ule.

Kesi za jinai zinasikilizwa hadharani. Mahakama ni ya wazi, ingia, kaa kimya, sikiliza. Asubuhi orodha ya mashauri ya siku hubandikwa kwenye ubao, ina namba ya kesi, jina la mshtakiwa na hakimu. Ndugu wengi wanakaa chini ya mwembe mpaka saa nane wakisubiri kuitwa, kumbe jina limesomwa saa tatu na kesi imeahirishwa. Nendeni ubaoni kwanza.

Ukifika dirisha la masjala usiulize "kesi ya mwanangu inaendeleaje". Karani ana majalada mengi mbele yake. Uliza kwa namba: Kesi ya Jinai namba fulani ya mwaka fulani. Kama huna namba, mpe majina matatu, kosa, na tarehe aliyofikishwa mara ya kwanza. Siku hizi mashauri yanasajiliwa kwenye mfumo wa kielektroniki, kwa hiyo jina likiandikwa sawasawa linaonekana upesi. Likikosewa herufi moja, Khamisi na Hamisi, mnaweza kushinda hapo.

Muulize pia kesi imepangiwa nini siku inayofuata. Kutajwa ni jambo moja, kusikilizwa ni jambo lingine. Kama ni kutajwa tu, mashahidi hawatakiwi, na huna haja ya kumleta bibi wa watu kutoka Liwale kwa nauli ya kukopa. Hili niliwaambia watu miaka yote.

Kama amehukumiwa, hesabu siku mara moja. Kutoka Mahakama ya Mwanzo, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Kutoka Wilaya au Hakimu Mkazi kwenda Mahakama Kuu, taarifa ya kusudio la kukata rufaa itolewe ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala. Mfungwa anaweza kutoa taarifa hiyo akiwa gerezani kupitia kwa mkuu wa gereza. Nakala ya hukumu mshtakiwa akiiomba anapewa. Sisi wa Lindi na Mtwara Mahakama Kuu yetu ni Kanda ya Mtwara.

Mjukuu wa Newala

Shikamoo Mzee wa Masjala. Umenigusa hapo kwa hukumu.

Babu yangu mdogo alifungwa nikiwa mtoto. Nyumbani kila mtu ana habari yake: mmoja anasema alipata miaka 30, mwingine anasema rufaa ilikubaliwa, mwingine anasema alihamishwa mkoa. Bibi alikuwa anataka kujua jambo moja tu, rufaa yake iliishia wapi.

Mwalimu mmoja akaniambia kuna tovuti ya TanzLII, hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinawekwa humo na kusoma ni bure. Niliandika jina lake, sikupata kitu. Nikaandika la baba yake tu pamoja na neno Mtwara, ikatokea. Mahakama ya Rufani huwa inakuja kufanya vikao Mtwara, na hukumu ilikuwa ya kikao kimojawapo. Ilikuwa ya Kiingereza, kama zilivyo nyingi za kabla ya sheria ya mwaka 2021 iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mwalimu yule yule akamsomea bibi kwa Kiswahili, aya kwa aya: nani alitoa ushahidi, majaji walisema nini, adhabu ilibaki ipi.

Kutoka hapo tukawa na namba ya rufaa. Tukaenda nayo gerezani Lilungu, wakaangalia kwenye kumbukumbu wakatuambia alihamishiwa wapi. Angalizo tu: humo hamna kesi za Mwanzo wala nyingi za Wilaya. Hizo mpaka ufike masjala.

Dada_Nachingwea

Yangu ni ya mbali. Mdogo wangu yuko Chicago, Marekani. Alinyamaza ghafla. Rafiki yake akasema alisimamishwa na polisi barabarani, hajui zaidi. Nikiwa hapa hapa Nachingwea na simu yangu nilimtafuta na nikampata, ndiyo maana naandika.

Kule polisi ni wa jiji, jela ni ya kaunti, kwa Chicago ni kaunti ya Cook. Sherifu wa kaunti ana ukurasa wa kutafutia mahabusu kwenye intaneti, unaandika jina la ukoo na jina la kwanza. Mwanzoni halikutokea. Nilishaanza kulia. Rafiki yake akanieleza kwamba mtu akiwa bado mikononi mwa polisi wa jiji hawezi kuonekana kwenye orodha ya jela mpaka akabidhiwe. Baadaye jina likatokea, lina namba ya mahabusu na tarehe ya mahakama. Hiyo namba ndiyo kila kitu, wakili wa umma anaiuliza, simu ya jela inaiuliza.

Familia ilishaanza kuchanga pesa ya dhamana. Kumbe jimbo la Illinois lilifuta dhamana ya pesa taslimu Septemba 2023. Jaji anaamua mtu atoke kwa masharti au abaki ndani, hakuna pesa ya kulipa. Aliyetupigia akidai tutume dola za dhamana alikuwa tapeli.

Kwa wenye ndugu huko: magereza ya serikali kuu yana orodha yao tofauti, na ya uhamiaji tofauti pia, ambayo inataka namba ya mgeni yenye tarakimu tisa au jina kamili, na nchi aliyozaliwa. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti. Na Mtanzania aliyekamatwa nje ana haki ya kuomba ubalozi wetu ujulishwe, ni Mkataba wa Vienna wa 1963.

Kijana wa Ruangwa

Naomba niseme upande wa pili, kwa heshima. Mimi nilikamatwa, nikashtakiwa, nikaachiwa huru kwa sababu hapakuwa na ushahidi. Lakini picha yangu niliyopigwa nimekaa chini siku ya kukamatwa ilishaingia kwenye magrupu ya WhatsApp. Mpaka leo nikiomba kazi kuna mtu anaitoa. Hukumu ya kuniachia hakuna aliyeisambaza.

Kumtafuta ndugu ni haki, na naunga mkono kila kilichosemwa hapa. Ila kumbukumbu ya kukamatwa haisemi kwamba mtu ana hatia. Katiba yetu ibara ya 13 inasema hivyo wazi, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mkipata karatasi ya mtu, itumieni kumsaidia. Msiiposti.

Mwanamikindani

Kijana wa Ruangwa, pole sana, na umesema kweli. Kama bado huna, chukua nakala ya hukumu iliyothibitishwa mahakamani uwe nayo kila unapoomba kazi. Polisi nao wanatoa cheti cha tabia njema baada ya kuchukua alama za vidole.

MamaWawili_Masasi

Mimi nauliza jamani. Mtoto wa jirani ana miaka 15, amechukuliwa jana jioni. Ubaoni mahakamani hayupo, masjala wanasema hawawezi kunipa habari zake. Mama yake hajiwezi kwa presha. Nafanyaje?

Mzee wa Masjala

Mwanangu, hapo hawakukunyima kwa ubaya. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, shauri la mtoto linasikilizwa na Mahakama ya Watoto, faragha, na jina lake halitangazwi. Wewe jirani hawatakupa. Anayetakiwa kwenda ni mzazi au mlezi, au ndugu wa damu anayeaminika, achukue cheti cha kuzaliwa cha mtoto au hata kadi ya kliniki, ili umri wake usije ukaandikwa vingine. Kabla ya mahakama pitieni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, yeye anatakiwa awepo kwenye shauri hilo na ana njia ya kumfikia mtoto kituoni. Muulizeni kama mtoto amechanganywa na watu wazima, maana sheria hairuhusu. Wakili msipomweza, ombeni msaada wa kisheria wa bure, sheria yake ipo tangu 2017, na ustawi wa jamii watawaelekeza kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa.

Nendeni kesho saa moja na nusu, kabla gari la mahabusu halijaondoka kituoni.