Acheni kutupandisha vifurushi wakati ubovu uko kwenye waya

Wakuu, imetosha sasa.

Mteja anapiga huduma kwa wateja, anaeleza kwamba intaneti ya nyumbani inakwamakwama na simu ya mezani inakwaruza. Hajamaliza kueleza, keshajibiwa: panda kifurushi. Hakuna anayeuliza ruta imechomekwa kwenye soketi ipi. Hakuna anayeipima laini kutoka kituo cha simu cha kampuni, ilhali vifaa vya kuipimia wanavyo. Mtu anasainishwa mkataba mpya wa miezi 24, bili inapanda, na tatizo linabaki palepale kwa sababu halikuwa la kifurushi tangu mwanzo. Huo ni uonevu. Na unaendelea kwa kuwa tunalalamika mikono mitupu, hatuna vipimo, kwa hiyo wanatujibu watakavyo.

Basi tupime. Usikubali kuongezewa hata shilingi kabla hujapitia haya.

Zima WiFi kwenye kompyuta, chomeka kebo ya mtandao moja kwa moja kutoka kwenye ruta, waambie wengine nyumbani wasipakue chochote kwa dakika tano, halafu pima kasi. Fanya hivyo asubuhi, mchana, na kati ya saa 2 na saa 4 usiku, kwa siku 7. Andika tarehe, saa, kasi ya kupakua, ya kupakia, na ping, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Kipimo cha WiFi peke yake hakina nguvu mbele ya kampuni, watakwambia ukuta wako ndio mbaya. Cha kebo hawana pa kukikwepea. Na kumbuka kifurushi kinaandikwa kwa megabiti kwa sekunde (Mbps), wakati programu ya kupakulia inaonyesha megabaiti (MB): gawa kwa 8. Kifurushi cha 40 Mbps kikifanya kazi vizuri kabisa kitakuonyesha MB 5 kwa sekunde. Hapo hujaibiwa.

Sasa sikilizeni hii, maana ndiyo inayokula pesa za watu wengi. Ukiona kipimo cha kebo kimegota kwenye 94 au 95 Mbps, asubuhi hivyo hivyo, usiku wa manane hivyo hivyo, na wewe unalipia 200 au 300, tatizo si laini. Ni kebo au ni tundu la ruta. Kebo ya mtandao ina nyaya 8, yaani jozi 4. Kasi ya 1,000 Mbps inataka jozi zote 4. Jozi moja ikikatika, vifaa vingi hushuka hadi 100 Mbps, ambayo inatumia jozi mbili tu, zile za namba 1, 2, 3 na 6. Ukiondoa mzigo wa mawasiliano yenyewe, unabakiwa na hiyo 94. Shika plagi, ielekeze kwenye mwanga, iangalie kwa mbele. Rangi zote 8 zinatakiwa ziguse mwisho wa plastiki, na vile vimeno vidogo vya shaba viwe vimezama kwa usawa mmoja. Mara nyingi utakuta waya wa kahawia wa pembeni, namba 8, ni mfupi kwa milimita mbili, au kimeno chake kimebaki juu. Kata, bana upya, pima tena. Na zipo kebo zenye nyaya 4 tu tangu kiwandani, hizo tupa.

Kebo ikiwa nzima, geuza ruta usome maandishi ya chini au utafute modeli yake. Kama matundu yake ya LAN, yaani ya kuchomekea kompyuta, ni ya 10/100, basi kampuni imekuuzia 200 Mbps na kukupa kifaa ambacho kwa kebo hakiwezi kupitisha zaidi ya 100. Hapa sina maneno ya upole. Anayetoa ruta ya namna hiyo pamoja na kifurushi cha namna hiyo anajua anachofanya, maana orodha ya ruta anayo yeye. Dai ruta yenye matundu ya gigabiti bila malipo, au urudi kifurushi cha chini. Usikubali jibu la tatu.

WiFi nitaipita haraka. Kwenye masafa ya 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11 tu, upana wa 20 MHz. Vifaa vilivyo karibu na ruta vihamishie 5 GHz. Ruta isikae sakafuni, nyuma ya televisheni, wala karibu na friji, kioo kikubwa au maikrowevu. Kasi ikiwa nzuri kwa kebo na mbovu chumbani, kifurushi kikubwa zaidi hakitakusaidia hata chembe, maana kinachokwama ni mawimbi ndani ya nyumba.

Kwa wenye laini ya shaba, yaani intaneti ya DSL (ADSL na VDSL) inayopita kwenye waya wa simu, hapa ndipo simu na intaneti zinapougua pamoja. Chomoa kila kitu nyumbani kinachotumia laini: ruta, faksi, king'ora, simu zote. Chukua simu moja ya kawaida ya waya, isiwe ile isiyo na waya, uichomeke kwenye soketi ya kwanza kabisa inayopokea waya kutoka nje. Nyanyua mkono wa simu, bonyeza tarakimu moja ili ule mlio wa laini unyamaze, kisha tega sikio. Panatakiwa pawe kimya. Ukisikia mikwaruzo kama mafuta yanayokaangwa, kuna kiungo kimeota kutu au kimeingia maji. Kwenye soketi ya kwanza, bila kifaa kingine chochote, ubovu huo uko nje na ni wa kampuni. Waambie hivyohivyo, kwa maneno hayohayo, na waambie pia kwamba mikwaruzo inazidi mvua ikinyesha kama ndivyo ilivyo. Usikubali kutozwa ada ya fundi kwa ubovu ulio upande wao wa soketi.

Kukiwa kimya, rudisha vifaa kimoja kimoja. Kila kifaa cha sauti kwenye laini ya DSL lazima kipitie filta, kile kifaa kidogo kinachotenganisha sauti na intaneti: kila simu, faksi, king'ora. Kimoja tu kikisahaulika, intaneti itakatika kila simu inapoita, au utasikia mvumo ukiwa unaongea. Filta nazo huchakaa. Intaneti ikikatika pale simu inapopokelewa, badilisha filta kabla ya kumwita mtu. Ruta ikae kwenye soketi ya kwanza. Kama kompyuta lazima iwe chumba kingine, refusha kwa kebo ya mtandao kutoka kwenye ruta hadi kompyuta, siyo kwa waya bapa wa simu kutoka soketini hadi kwenye ruta. Waya ule haujasokotwa, unadaka kelele kama antena.

Kisha fungua ukurasa wa ruta unaoonyesha hali ya laini. Kuna namba mbili za kuangalia: upotevu wa mawimbi (attenuation) na ukingo wa kelele (SNR margin), yaani nafasi iliyobaki kabla kelele haijaizidi laini, zote kwa desibeli (dB). Upotevu unakua kadiri waya unavyokuwa mrefu. ADSL2+ inatajwa kuwa na 24 Mbps, lakini hizo ni za aliye karibu kabisa na kituo. Aliye kilomita 4 au 5 atapata chache mno, na hakuna kifurushi duniani kitakachofupisha waya huo. Kumuuzia mtu wa umbali huo kifurushi cha juu cha ADSL ni kumchukulia pesa kwa kitu ambacho hakiwezi kumfikia. VDSL vilevile, faida yake kubwa iko ndani ya kilomita moja hivi kutoka kwenye kabati la mtaani. Ukingo wa kelele ukiwa karibu na 6 dB ni kawaida kwa laini nyingi. Ukishuka hadi 2 au 1, tegemea kukatikakatika. Msizime na kuwasha ruta mara kumi kwa siku, tafadhali. Laini nyingi zina mfumo unaojirekebisha wenyewe, na kila kukatika unakuhesabia kama laini isiyotulia, unakushushia kasi, kisha kupanda tena kunachukua siku kadhaa.

Wa faiba, yaani waya wa kioo unaopitisha mwanga: taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki. Angalia kwanza kama waya umekunjwa kwa kona kali nyuma ya kabati, mkunjo usiwe mkali kuliko duara la kikombe. Msichungulie ncha ya waya kwa macho. Kwenye mfumo wa GPON, ambao faiba moja hugawanywa kwa nyumba nyingi, kisanduku cha faiba cha nyumbani kinatakiwa kupokea mwanga kati ya -8 na -27 dBm. Ikiwa -28 au chini zaidi, fundi aje kusafisha viungo. Na kama kasi inaporomoka kila siku saa 2 usiku na kurudi saa 6 usiku, hapo mmejazana. Tawi moja la GPON lina takriban Gbps 2.5 za kupakua, na hugawanywa kwa nyumba 32, wakati mwingine 64. Kifurushi kikubwa hakipanui njia ya pamoja. Wanaotakiwa kutumia pesa hapo ni kampuni, siyo wewe.

Tuje kwenye bili ya simu yenyewe.

Chukua bili ya miezi mitatu, ukiwa na orodha ya simu zote. Tenganisha ada ya laini, ada ya kuunganisha kila simu, dakika, na zile huduma ndogondogo: kuonyesha namba, ujumbe wa sauti, kupokea simu ya pili. Hizo ndogondogo futa usizotumia, maana zinalipwa kila mwezi hata usipoziwasha. Halafu angalia wanavyokata muda. Wakihesabu kwa dakika nzima, simu ya sekunde 61 inalipwa dakika 2. Piga simu 20 za sekunde 65 kila moja: umeongea dakika 21 na sekunde 40, unalipa 40, pamoja na ada 20 za kuunganisha. Ndiyo maana bei ya dakika inayotangazwa kwa herufi kubwa haimaanishi kitu mpaka ujue wanakata kwa sekunde au kwa dakika. Uliza hilo kwanza, na ulitake kwa maandishi. Simu za kwenda kwenye mitandao ya mkononi na namba za huduma maalumu mara nyingi haziko ndani ya dakika za bure, hizo zifungie kabisa kwa kuomba kizuizi.

Kwa anayepiga sana, hamishia simu kwenye intaneti kwa adapta, kifaa kinachoifanya simu ya kawaida ipige kupitia intaneti. Adapta inachomekwa kwenye ruta kwa kebo, na simu yako ya zamani kwenye tundu la PHONE. Usiichomeke adapta kwenye soketi ya ukutani yenye laini hai, laini ile inabeba takriban volti 48 na zaidi inapoita, utaiunguza. Wakikwambia unahitaji kifurushi kikubwa ili sauti iwe nzuri, wanakudanganya mchana kweupe. Sauti kamili, kwa mfumo unaoitwa G.711, inatumia karibu kbps 87 kila upande, na iliyobanwa kwa mfumo wa G.729 karibu 31. Simu mbili kwa pamoja hazifiki hata Mbps 0.2. Kinachoharibu sauti ni ucheleweshaji: ukizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja mnaanza kuongea kwa kugongana. Mara nyingi chanzo ni mtu anayepakia picha na video, akijaza njia ya kupakia. Weka kikomo cha kupakia kwenye ruta kuwa asilimia 85 hadi 90 ya kasi uliyopima, na simu uipe kipaumbele. Ukisikia upande mmoja tu, au simu inakatika baada ya sekunde 30 hivi, zima kitu kinachoitwa SIP ALG kwenye ruta, mpangilio unaoingilia ujumbe wa simu za intaneti. Kitendo hicho kimoja kinamaliza kesi nyingi sana, na bado kampuni zinagawa ruta zikiwa zimekiwasha, nyingine zimeficha menyu yake usiweze kukizima!

Kabla hujahama, mambo matatu. Laini ya shaba inaletewa umeme kutoka kituoni, ya intaneti haina. Umeme ukikatika simu inakufa. Betri ya volti 12 ya Ah 7 itasukuma ruta na kisanduku cha wati 15 kwa takriban saa 4, iweke. King'ora na faksi vithibitishwe kwanza, faksi inahitaji T.38, utaratibu wa kupitisha faksi kwenye intaneti. Na la tatu, ambalo huwaliza watu: usikate laini ya zamani ili uhamishe namba. Omba kuhamisha namba ukiwa laini bado hai, subiri ipokee simu upande mpya, ndipo laini ifungwe. Ukifunga kwanza, namba inaweza kupotea moja kwa moja.

Kuhusu mkataba, tafuta tarehe ya mwisho wake leo hii na uiweke kwenye kikumbusho siku 45 kabla. Bei ya promosheni inaisha kimyakimya na bei kamili inaanza bila mtu kukupigia. Notisi mara nyingi ni siku 30. Uliza pia kama wanatoa intaneti bila laini ya sauti, wengi wanayo ila hawaitaji mpaka uulize. Ukirudisha ruta, piga picha namba yake ya utambulisho ya kiwandani (serial number) na udai risiti, vinginevyo watakutoza kifaa ulichokwisha kirudisha.

Sasa naomba kitu kimoja hapa chini. Kila mwenye ruta ya kampuni aandike modeli yake, matundu ya LAN ni 100 au 1,000, na kama SIP ALG inazimika au imefichwa. Msiweke namba ya mteja wala anwani, modeli tu. Tukiwa na orodha, mtu akipandishwa kifurushi atawajibu kwa jina la kifaa chao wenyewe.