Naombeni ushauri, nibaki na da Vinci au niende na Vesalius?

Habarini wakuu. Nina prezentesheni ya darasa kuhusu sanaa ya Renaissance (ule mwamko wa sanaa na elimu Ulaya, karne ya 15 na 16 hivi) ilivyoathiri sayansi ya leo, nikachagua michoro ya mwili wa binadamu nikidhani rahisi, kumbe wapi. Nilianza na Leonardo da Vinci, jamaa alichora mpaka damu inavyojizungusha kwenye vali ya moyo, akaandika mpango wa kutengeneza modeli ya kioo apitishe maji yenye mbegu ili aone mzunguko wenyewe. Noma! Shida alifariki 1519 na michoro ile haikuchapwa, ikakaa kwenye makaratasi yake karne na karne, sasa nitasemaje iliathiri madaktari ambao hata hawakuiona? Nikahamia kwa Vesalius, daktari wa enzi hizo, kitabu chake cha mwili wa binadamu kilichapwa Basel, Uswisi, 1543, kina watu waliochunwa ngozi wamesimama kwa pozi, misuli yote nje na nyuma yao vilima, na hicho kilisomwa kweli. Ila mwenzangu kwenye kundi anang'ang'ania da Vinci eti ndo anajulikana.

Sasa nauliza, Leonardo nimbakize kama mfano tu wa msanii aliyefikiri kisayansi au nimtoe kabisa? Na Vesalius nimuunganishe vipi na michoro ya anatomia wanayosomea madaktari leo?