Mjadala: Idara za chuo cha Kikatoliki zilenge somo tu, au zilenge na imani?

MLETA MADA

Wakuu, heshima kwenu. Kila idara chuoni ina malengo yake yaliyoandikwa: baiolojia, uchumi, historia, Kiingereza. Wengi wetu hatuyasomi, na hata wahadhiri huyakumbuka wakaguzi wanapokaribia. Naomba leo tuyasome kwa makini. Chuo kikiwa cha Kikatoliki, Ukatoliki huo uonekane katika malengo ya kila idara, au uachiwe idara ya teolojia na padre mlezi wa wanafunzi?

Nachukua mfano wa Marekani, maana huko vyuo vya Kikatoliki vya sanaa huria ni vingi: vyuo vidogo ambako hata anayebobea katika kemia hapati shahada bila kupita kwenye falsafa, teolojia, historia na fasihi. Huko ubishi huu ni wa siku nyingi. Mwaka 1967 Padre Theodore Hesburgh, rais wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, na wenzake walikutana Land O'Lakes, Wisconsin, wakatamka kwamba chuo kikuu cha Kikatoliki lazima kiwe na uhuru wa kweli wa kitaaluma mbele ya mamlaka yoyote ya nje, iwe ya walei au ya makleri. Mwaka 1990 Papa Yohane Paulo II akatoa katiba ya kitume Ex Corde Ecclesiae. Nayo inalinda uhuru wa utafiti, lakini inataka mafundisho ya Kanisa yaguse shughuli zote za chuo, huku dhamiri ya kila mtu ikiheshimiwa. Waraka huo unavihusu na vyuo vyetu, SAUT pale Mwanza na CUEA Nairobi, kwa hiyo jambo hili limo nyumbani.

Msimamo wangu: idara ifundishe somo lake kwa ukamilifu, na Ukatoliki wa chuo uonekane katika maswali ambayo idara hiyo hairuhusiwi kuyakwepa.

Chukueni uchumi. Mhadhiri anachora ubaoni mstari wa wanaotafuta kazi na mstari wa wanaotafuta wafanyakazi. Inapokutana ndipo ulipo mshahara wa soko. Anaweka kima cha chini juu ya hapo, wanafunzi wanakokotoa ni wangapi watakosa ajira kwa mujibu wa modeli ile. Ni somo halali, na anayelifundisha ovyo anamdhulumu mwanafunzi. Ila Papa Leo XIII aliandika katika Rerum Novarum, waraka wake wa mwaka 1891 kuhusu hali ya wafanyakazi, kwamba mshahara usipungue kiasi cha kumtunza mfanyakazi anayeishi kwa kiasi, hata kama yeye mwenyewe amekubali mdogo zaidi kwa kubanwa na shida. Mhadhiri afanye nini na maneno hayo? Anaweza kuyanyamazia. Anaweza kuyasoma kwa sauti, wanafunzi wakayakariri, wakayasahau. Au anaweza kurudi kwenye mchoro uleule na kuuliza: katika mji ambao mshahara wa soko haufikii kodi ya chumba na unga wa mwezi, mwenye kiwanda alipe kiasi gani, na pengo lililobaki alizibe nani? Idara inayojua lengo lake huliandika swali hilo kwenye mtaala na kulitungia mtihani.

Karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA (mzazi)

Mleta mada, nakuheshimu, lakini umezunguka. Mimi nalipa ada. Kama nilitaka mwanangu aulizwe maswali tu, vyuo vya serikali vipo, tena nafuu. Nataka idara iandike waziwazi kwamba inamlea kijana katika imani, na iulizwe kama imemlea. Thomas Aquinas College ya California, iliyoanzishwa 1971, haina hata idara: wanafunzi wote wanasoma mtaala mmoja, hisabati, falsafa na sayansi, vyote vikielekea kwenye teolojia. Hawa wamejua wanachotaka. Lugha ya "maswali" ndiyo iliyowafikisha wengine mahali ambapo kilichobaki cha Kikatoliki ni jina la mtakatifu getini.

MLETA MADA

Mzazi wangu, hofu yako naielewa, na hiyo ya jina la mtakatifu getini ninayo mimi pia. Ninachokataa ni kuliandika neno "imani" kwenye malengo ya fizikia halafu kulitafutia mahali pa kulibandika. Yupo padre aliyelikataa hilo kabla yetu. Georges Lemaître, mwalimu wa Chuo Kikuu Katoliki cha Louvain, alionyesha mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, akaja na wazo la chanzo chake kilichosongamana. Mwaka 1951 Papa Pius XII, akihutubia Akademia ya Kipapa ya Sayansi, aliihusisha nadharia ya namna hiyo na uumbaji. Lemaître hakufurahi. Alishikilia kwamba nadharia yake haigusi swali la kidini. Alikuwa padre mpaka kufa, na idara yake ilifanya fizikia. Mtoto wako akifundishwa na mtu wa namna hiyo ataona kwa macho yake kwamba mtu anaweza kusali na kukokotoa bila kudanganya upande wowote.

Hao wa California nawasifu kwa dhati. Lakini wao wamefuta idara kwa makusudi, na kila mwalimu wao anatakiwa aweze kufundisha mtaala wote. Chuo kinachobaki na idara hakiwezi kuazima jibu lao bila kuazima na mpango wao.

MCHANGIAJI WA PILI (mhasibu)

Wakuu, mnajadili malengo kana kwamba hela inatoka mbinguni. Februari 2023 bodi ya Marymount, chuo kikuu cha Kikatoliki kule Arlington, Virginia, ilipiga kura 20 kwa 0 kufuta shahada za kwanza za teolojia, falsafa, historia, Kiingereza, hisabati na nyingine kadhaa, kwa sababu wanaozichukua ni wachache. Masomo yenyewe yanaendelea kama kozi za lazima kwa wote. Kuna kosa gani? Mwuguzi bado anasoma falsafa, na chuo kinabaki wazi.

MLETA MADA

Ndugu mhasibu, hapa ndipo penye uzito wa mada hii. Chuo kinachofungwa hakifundishi mtu, hilo nakukubalia. Lakini tazama idara isiyo na shahada yake inavyoishi. Mwaka wa kwanza na wa pili walimu wamo walewale. Mmoja anastaafu. Nafasi yake haitangazwi, maana hakuna wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne wa kumhitaji bingwa wa Augustino au wa mantiki. Anachukuliwa mwalimu wa muda, analipwa kwa kozi, anafundisha utangulizi uleule kwa madarasa manne, hana ofisi, na kwenye kikao cha kupanga mtaala hayumo. Siku idara ya uuguzi inapoandika malengo yake kuhusu mgonjwa aliye mahututi, nani ataketi nao aseme kitu chenye kina? Swali langu la mshahara hapo juu nalo linamhitaji mtu wa kubishana na mchumi akiwa na elimu inayolingana na ya mchumi.

John Henry Newman, padre Mwingereza aliyekuja kuwa kardinali, aliwaambia watu wa Dublin mwaka 1852 kwamba ukiiondoa teolojia kati ya elimu, pahali pake hapabaki wazi, elimu nyingine zinapavamia na kusema yasiyo ya fani yao. Hesabu ya wanaohitimu katika falsafa haiwezi kuonyesha hasara hiyo. Kwa hiyo bodi ikitaka kupima idara, ipime pia imefundisha wanafunzi wangapi wa idara nyingine, na imeshiriki kutunga kozi zipi pamoja nazo.

MCHANGIAJI WA TATU

Mimi ni Mwislamu na nimesoma chuo cha Kikatoliki. Sikuwahi kulazimishwa chochote, na darasa la maadili ndilo ninalolikumbuka zaidi. Ninachouliza: mhadhiri asiye Mkatoliki atayasimamiaje malengo haya? Au hatapewa hata ukuu wa idara?

MLETA MADA

Ndugu yangu, asante kwa kuingia. Ex Corde Ecclesiae inawatambua walimu wa dini na madhehebu mengine, inawataka wautambue na kuuheshimu Ukatoliki wa chuo, ingawa inasema wasiwe wengi kuliko Wakatoliki. Ni mwalimu wa teolojia ya Kikatoliki tu anayehitaji kibali cha mamlaka ya Kanisa, kwa kanuni ya 812 ya sheria za Kanisa. Kwa hiyo mkuu wa idara ya uchumi anaweza kuwa Mwislamu, na lile swali la kodi ya chumba na unga atalisimamia vizuri tu, pengine akaongeza na zaka, ambayo Wakatoliki darasani hawajawahi kuisikia ikijadiliwa kama jambo la uchumi. Kosa langu kwake lingekuwa kumpa malengo yaliyoandikwa kwa lugha ya sala, ayatie sahihi asiyoyaamini. Mpeni swali, mpeni na mwanateolojia wa kudumu wa kufundisha naye.