Kosa moja, adhabu mbili: ni haki?

Mtu wa Nungwi: Waungwana, nisaidieni. Hotelini kwetu tulikutwa wawili tumelala shifti ya usiku: mie mlinzi, mwenzangu wa mapokezi. Usiku mmoja, supavaiza mmoja. Mwenzangu kapewa barua ya onyo. Mie nimesimamishwa, wiki ya pili nikaachishwa kazi, wala sikuitwa kujieleza. Ni haki hii?

Bint Wete: Nenda CMA kaka, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Sheria ya kazi ya 2004 inataka usikilizwe kwanza.

Yakhe Mkunazini: Bi mdogo, hiyo ya bara. Ajira si jambo la Muungano. Huku Zanzibar tuna Sheria ya Ajira namba 11 ya 2005, na ya mahusiano kazini namba 1 mwaka huohuo, na kitengo chetu cha migogoro ya kazi. Ila tuseme kweli: mlinzi kaajiriwa akeshe. Akilala, mshahara anakula bure.

Baba Shifti: Anakula bure? Mie nimelinda Kiwengwa miaka tisa, magharibi mpaka asubuhi, hapana wa kunishikia lindo hata nikasali Isha. Wewe ushawahi kukesha nje kusi ikivuma?

Yakhe Mkunazini: Sikukutukana, mzee wangu. Nimesema kazi hazilingani.

Bint Wete: Umemwita mla bure, kisha hukumtukana! Na hiyo "bi mdogo" nimeiona. Nimekosea sheria, sikukosea umri. Nina miaka 43 na wajukuu wawili.

Yakhe Mkunazini: Samahani, Bi Mkubwa. La walinzi silirudishi.

Baba Shifti: Usilirudishe, ila nijibu: binadamu akeshe saa 12 mtawalia, siku sita, asisinzie? Nani kapanga?

Mama Chake: Jamani, kijana kauliza kuitwa kujieleza, hakuuliza usingizi. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, watu wote sawa mbele ya sheria. Hata kama mlinzi ana kosa kubwa zaidi, kikao cha nidhamu ndicho cha kusema hivyo, naye yumo ndani anasikia. Mwanangu, ulikuwa na onyo la nyuma?

Mtu wa Nungwi: Moja, la kuchelewa, mwezi wa Ramadhani. Mwenzangu anayo matatu.

Yakhe Mkunazini: Matatu? Hilo ungelianza nalo, yakhe.

Baba Shifti: Na saa 12 bado hamjanijibu.