Mashine za kurudishia makopo ya maji, tutazitumia kweli?

Mama Nuru, Tabata
Habari zenu wapendwa. Jana mvua imenyesha mtaro wetu ukaziba tena, makopo ya maji yamejazana pale mpaka maji yakaingia sebuleni kwangu. Dada yangu yuko Ujerumani anasema kule supamaketi kuna mashine unaingiza chupa unapata hela. Zikiwekwa huku, tuseme vituo vya mwendokasi, mngebeba makopo kutoka nyumbani au zingekaa zinakula vumbi?

Mtu wa Hamburg
Dada watu wanazitumia sana, na siyo kwamba wana roho nzuri kutuzidi. Tangu 2003 ukinunua maji unalipia na chupa yenyewe, senti 25 za yuro, usiporudisha hela yako imekwenda. Mi nakusanya jikoni wiki nzima, Jumamosi nikienda kununua vitu nabeba begi zima, mashine inasoma lebo inatoa kikaratasi nakipeleka kwa keshia. Ila chupa ikibondeka lebo isisomeke inaikataa, na mashine ikijaa mnasubiri foleni mpaka mhudumu aje, hapo watu wananuna kweli.

Mzani Tandika
Hiyo ya kubondeka ndo itatukwamisha. Mi nanunua makopo kwa kilo mwaka wa saba huu, vijana wanaoniletea wanayakanyaga ili kiroba kibebe mengi, ukimwambia asikanyage atatembea na viroba vingapi? Halafu inapokea moja moja, mwenye makopo mia tatu asimame pale mpaka saa ngapi? Sizikatai, ila hela ya chupa ikiwekwa na sisi wa mzani tupewe njia ya kuirudisha, la sivyo hawa wanaozoa mitaroni kila alfajiri mnawanyima riziki.

Bi Zai, Mombasa
Kurudisha mbona tumezoea jamani, soda ya chupa ya kioo unaenda na chupa yako ama unaacha pesa yake, watoto wadogo wanatumwa na wanarudi nayo. Plastiki ndiyo iliyotuzoesha kutupa. Wekeni pesa juu ya chupa, mwenye duka aipokee, mashine zije baadaye.

Mama Nuru, Tabata
Kweli Bi Zai, kreti la soda la mama halikupungua chupa hata moja. Kaka wa Tandika, ya mtaroni nimeyatoa yamejaa viroba viwili ila yana matope, unayapokea hivyo hivyo au niyaoshe kwanza?