Laptop niliyotuma Dar: Y na Z zimepishana

Habari za kazi, ndugu zangu. Nimemtumia mdogo wangu wa Mbagala laptop niliyokuwa natumia huku Hamburg. Analalamika Y na Z zimepishana, alama ya @ haipatikani, na fundi wa Kariakoo anataka kubadilisha kibodi nzima. Nimruhusu?

———

Salama, dada. Asitoe hela kwanza, kibodi ni nzima. Kompyuta haisomi kilichochapwa juu ya kitufe. Inafuata mpangilio wa herufi uliowekwa ndani ya Windows, na wako bado ni wa Kijerumani. Aingie kwenye mipangilio, sehemu ya saa na lugha, aongeze Kiingereza cha Marekani. Kuhama kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi.

Alifanye mapema, kwa sababu Y na Z zinatuumiza sana sisi tunaoandika Kiswahili. "Nyumba" ikitoka "nzumba" ataiona. Lakini "barua ya ajira" ikitoka "barua za ajira", hilo nalo ni Kiswahili safi, jicho linapita, na barua inafika kwa mwajiri ikiwa hivyo.

Achague mpangilio wa Marekani wa kawaida, si ule wa Kimataifa. Huo wa Kimataifa ukibonyeza ' unasubiri herufi inayofuata ili uiwekee alama juu: ng'ombe anatoka ngómbe, na ng'ang'ania inakuwa ngángánia. Ukikwama nao, bonyeza nafasi mara baada ya '.

Kuna jambo la nenosiri pia, na hapa wengi hudhani kompyuta imejifunga. Kwenye ukurasa wa kuingia, chini kulia, huwa pameandikwa DEU (Kijerumani) au ENG (Kiingereza). Aangalie hapo kwanza. Kama nenosiri lina y, z au alama kama @, kwa mpangilio usio wake litakataliwa hata akiliandika kwa uangalifu. Abonyeze kile kijicho pembeni aone herufi zinazotoka.

Akishahama, maandishi ya vitufe hayatalingana tena na kinachotokea. @ itakuwa Shift na 2. Ö itatoa nukta-mkato, na Ä ndiyo itatoa ' ya ng'ombe. Stika za herufi zinatosha kabisa kwa hilo.

Mlioko Ufaransa, tafadhali badilisheni mpangilio kabla ya kutuma, hasa kwa wazazi. Huko A imekaa mahali pa Q, W mahali pa Z, M imesogea pembeni ya L, na hata nukta inataka Shift. Mzee atachoka siku ya kwanza.

Fundi atahitajika kama kuna kitufe kilichokufa. Hapo aombe kibodi ya Uingereza ya modeli hiyo hiyo: ina Enter ndefu na kile kitufe cha ziada karibu na Shift ya kushoto, kama ya Ujerumani. Ya Marekani huenda isikae kwenye fremu.